Maoni Yangu Juu ya Mjomba wa Kukodi

Aibu niliyoipata mwaka huu kwenye lindo la ndege ningeweza kuificha, kwa sababu walioishuhudia ni watu wa hapa kijijini kwetu Mbingu tu na watu wa Mbingu wana mambo yao mengine ya kusema, lakini juzi nimesikia kwamba kule Mofu inasimuliwa kwa namna yao, eti nilidondoka kutoka dunguni nikiwa uchi, na mimi sikuwa uchi, nilikuwa na gauni na khanga mbili, sasa afadhali niisimulie mwenyewe kama ilivyokuwa, na atakayecheka acheke kwa jambo la kweli.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nilisoma, nikaacha, nikaolewa, nikazaa saba, na kwa miaka yote hiyo kusoma kwangu kulikuwa kitabu cha nyimbo kanisani na maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Halafu macho yakaingia ukungu, nikafikia mahali pa kumwamkia mbuzi nikidhani ni katekista. Waliponitoa mtoto wa jicho (la kulia kwanza, la kushoto baada ya mavuno) nikarudi nyumbani naona mpaka sisimizi anavyojikuna, na mjukuu wangu Yusta, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye niliyemlea toka anatambaa, akaniletea riwaya moja ya mitumba kutoka Ifakara, kwa yule anayetandika vitabu vyake karibu na stendi, akasema, "Bibi, usiyamalizie hayo macho kwa kuchungulia majirani."

Tangu hapo nimesoma nyingi, na maoni ninayo, ingawa hakuna aliyeyaomba.

Ya kwanza ilikuwa ya mpelelezi. Alipigana na watu sita, akaogelea mto, akaruka kutoka kwenye gari, na kwa siku tano zote hizo mwandishi hakumpa hata kiazi. Nilisubiri ale. Kila nikifungua ukurasa nasema sasa atakula, anawasha sigara. Nikamaliza kitabu nina njaa mimi. Ya pili iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kulima, hilo naweza kuapa mbele ya padri, kwa sababu mpunga wake ulipandwa ukurasa wa kumi, ukavunwa ukurasa wa kumi na mbili, hakuna aliyepalilia, hakuna aliyeumwa mgongo, na ndege hakuja hata mmoja. Ndege wa wapi hao wasiojua mpunga? Ya tatu ilikuwa ya huzuni, nayo sikuiweza, mwandishi aliua watu kama mdondo unavyoingia kwenye banda la kuku, kufikia katikati nikawa naona uvivu hata kushika majina yao. Na wanawake wa humo vitabuni, jamani, wote wana kiuno cha nyigu na shingo ndefu, hakuna hata mmoja mwenye kisigino kilichopasuka. Bibi akitokea, basi ni wa kufa ukurasa wa tatu au wa kutoa busara karibu na moto, wala haumwi jino wala hana shida na mkwe wake. Bibi wa namna hiyo mimi sijawahi kumwona, na nimekaa na mabibi wengi.

Ila ya nne niliipenda, na ndiyo iliyoniua.

Kabla sijafika huko, kuna mambo ambayo lazima myajue. Kwanza, sijui kusoma kimya. Mwalimu wetu zamani alitaka sauti, asipoisikia anajua husomi na fimbo inakuja, kwa hiyo mdomo wangu na macho yangu vilifungwa pamoja na havijaachana mpaka leo. Nikisoma nasoma kwa sauti, na nikiona mtu kitabuni anafanya ujinga namwambia, siwezi kunyamaza mtu anapotea mbele yangu.

Pili, lindo. Mpunga ukianza kutoa masuke, kwelea wanashuka kama wingu, na wewe unapanda dunguni asubuhi unakaa juu na kamba zako zenye makopo, unavuta, unapiga kelele, unatukana, unavuta tena. Kule bondeni simu haishiki. Ukitaka neno lifike nyumbani unalipigia kelele dungu la jirani, jirani analipigia dungu linalofuata, mpaka lifike uani. Ndivyo tunavyoagiza maji na chumvi, na ndivyo mwanangu Longino alivyojua kwamba amepata mtoto wake wa mwisho. Sheria ni moja, anayepokea neno halipunguzi, haliongezi, halihoji, kwa sababu mwaka mmoja mtu aliongeza chumvi kwenye habari ya kenge, kenge akawa chatu, na nusu ya bonde wakaacha mpunga wao wakakimbia.

Dungu langu ni la mwisho, kule karibu na mto. Linalofuata ni la Skola, mjane mwenzangu, tumejuana toka tunacheza kombolela. Halafu la Mzee Bonifasi, liko nyuma kabisa ya nyumba yetu, na yeye alifanya kazi stesheni ya reli miaka mingi, basi ujumbe kwake ni kitu kitakatifu. Anasimama, anavua kofia, anautamka kama anatangaza treni.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza, niliapa. Wiki mbili kabla ya siku ile nilikuwa dunguni namsoma kwa mara ya pili yule mpelelezi asiyekula, ndege wakala kona nzima ya shamba nikiwa juu yao. Longino alikuja akaitazama ile kona, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye tuta. Nikaona vibaya. Jioni uani, mbele ya mkwe wangu mke wa Longino, na Yusta, na Skola, na Mzee Bonifasi, nikashika rozari nikaapa kwamba kitabu hakipandi tena dunguni mpaka mavuno yaingie ndani. Bonde zima likajua. Bibi ameacha riwaya.

Sasa, Yusta alikuwa na mchumba. Anaitwa Masanja, anatengeneza pawatila, yale matrekta madogo ya mkono, huko Ifakara, mtoto wa wale Wasukuma walioingia huku bondeni na ng'ombe wao. Longino, baba yake Yusta, hakumtaka. Kuna mwaka ng'ombe waliingia kwenye mpunga wake, na hata hawakuwa ng'ombe wa kina Masanja, lakini kwa Longino ng'ombe ni ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe hawaji kuposa. Nilimsema mwanangu huyo mwezi mzima, wakati wa kula, wakati wa kuoga namsema nje ya bafu, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwona yule kijana, alikuja kutengeneza mashine ya jirani, akala kwangu, akaosha sahani yake bila kuambiwa. Mwanaume anayeosha sahani bila kuambiwa sijamkuta hata kwenye riwaya.

Mwishowe Longino akakubali kuwapokea wazee wao. Akasema, "Mama, nawapokea kwa ajili yako. Lakini nikisikia doa moja tu juu ya huyo kijana, barua yao inarudi bila kufunguliwa."

Nikamwambia hakuna doa.

Wageni walitegemewa saa nane mchana. Mimi nilikuwa nilinde mpaka saa sita, nirudi nioge, nivae kitenge changu kipya ambacho kilikuwa kimenyooshwa kimelala kitandani kama mgonjwa. Asubuhi Yusta akanisindikiza mpaka mwisho wa ua, akaniangalia kikapu, akaniuliza, "Bibi, hubebi kitu leo, eti?" Nikamwambia nabeba mihogo. Na kweli nilibeba mihogo. Chini ya mihogo kilikuwepo kitabu.

Naomba mnielewe. Zilibaki kurasa thelathini. Nilikuwa nimelala na yule msichana wa kitabuni kichwani, na wageni wenyewe wanakuja saa nane, nitaweza vipi kukaa mbele ya wakwe na kurasa thelathini zinaniwasha? Nikasema nitasoma kidogo kidogo, mkono mmoja kwenye kamba, mkono mmoja kwenye kitabu, na nitasoma polepole.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kuna msichana mzuri (kiuno cha nyigu, bila shaka) amependana na mwanaume anayevaa suti. Mwanaume ana mke na watoto wawili huko anakotoka. Anataka kuposa, na kwa kuwa ndugu zake wangemuumbua, anakwenda kukodi mzee mmoja mlevi, anamnyoa ndevu, anamvalisha koti, anakwenda naye ukweni kama mjomba wake. Na msichana ana mimba, hajamwambia mtu. Basi mimi nafika pale wanapobisha hodi, baba wa msichana, fala mmoja, anasema karibuni, karibuni, anawatolea viti. Anawatolea viti, jamani. Damu ilinipanda. Nikasimama dunguni, nikavuta makopo yote kwa pamoja, nikapiga kelele kama ninavyowapigia kwelea:

"Msiwapokee hao. Ana mke na watoto wawili anakotoka. Na huyo mjomba ni wa kukodi. Warudisheni na barua yao."

Nikakaa, nikaendelea na ukurasa.

Mimi sikuona alichofanya Skola, kaja kunisimulia baadaye. Anasema alisikia makopo, akasikia maneno, akashika kifua. Alijua kwetu leo kuna posa, alijua mimi nimeapa na sina kitabu, na alijua sheria. Akageuka akampigia Mzee Bonifasi yote, neno kwa neno. Mzee Bonifasi akasimama, akavua kofia.

Na wageni walikuwa wameshafika. Hapo ndipo shetani alipopitia. Walitakiwa saa nane, lakini mzee wao alikuwa na safari ya mnadani, wakawahi, saa nne na nusu bajaji iko mlangoni. Alikuja mjomba wa Masanja, Mzee Luhende, na mkewe, na mshenga. Mkwe wangu ametandika jamvi, Longino amewatolea viti, soda zimefunguliwa, mshenga ndiyo kwanza anatoa bahasha kwenye mkoba. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nyumba, pole na iliyonyooka, kwamba kuna ujumbe kutoka kwa bibi, dungu la mwisho, hao wasipokelewe, ana mke na watoto wawili anakotoka, na huyo mjomba ni wa kukodi, warudishwe na barua yao.

Nimeambiwa Mzee Luhende aliitazama soda yake kama ndiyo iliyosema.

Longino, Mungu amsamehe, aliinuka kama mtu aliyeona mvua. Lakini ni mtoto niliyemzaa, ana haki kidogo, akasema kwanza tumuulize mama. Akatoka nyuma, akampa Mzee Bonifasi swali, nalo likashuka bondeni likafika kwa Skola, na Skola akaniita, "Bibi, wanauliza una uhakika?"

Mimi niko ukurasa ule mjomba wa kukodi anakunywa chai na mkono unamtetemeka kwa sababu hajapata pombe toka jana. Nikajua Skola amenisikia nasoma, amekipata kitabu changu kwa masikio, ameingia utamu, anataka kujua. Wala sikujiuliza hao "wanauliza" ni kina nani. Nilifurahi kupata mwenzangu. Nikamjibu kwa nguvu zote:

"Nimeona kwa macho yangu haya mapya. Na binti mwenyewe ana mimba, amewaficha wazazi wake."

Nikamwona Skola anajifunika khanga usoni. Nikadhani analia.

Hilo la pili Mzee Bonifasi alilitangaza kwa sauti ndogo, kwa heshima ya wakwe. Lakini sauti ndogo ya mtu wa stesheni ni sauti kubwa ya mtu mwingine.

Sijui ilichukua muda gani, mimi nilikuwa nimegeuza kurasa kama tatu hivi, Skola akaniita tena, safari hii sauti yake imekauka. "Bibi, Longino anasema basi wanaondoka. Uje uagane nao au usije?"

"Wanaondoka kina nani?"

"Wageni wa Yusta."

Ndipo nikaelewa. Nilielewa lote kwa mara moja, kuanzia lile kopo la kwanza. Miguu ikashuka kabla ya mimi, ngazi ya dungu ina vipago vitano na nilikanyaga viwili, kitabu kikaruka kikaingia kwenye maji ya mpunga, na mimi nikaingia baada yake, mpaka kiunoni (watu wa Mofu wasikie vizuri, na gauni langu). Nikaacha ndala zimezama. Nikakata katikati ya mpunga wangu mwenyewe kwa mikono, nikapita chini ya dungu la Skola, nikapita chini ya dungu la Mzee Bonifasi ambaye alivua tena kofia nilipopita, nikatokea uani miwani yangu ya kusomea imening'inia sikio moja, tope kifuani, nywele zina majani.

Bajaji ilikuwa inawashwa. Mshenga ameshaingia. Bahasha ilikuwa mkononi mwa Mzee Luhende, haijafunguliwa.

"Shikamoo, mama," akaniambia Mzee Luhende. Alinisalimia hata hivyo. Nimelitunza hilo.

"Marahaba. Msiondoke," nikasema. "Si nyinyi. Ni kitabu. Nilikuwa nasoma kitabu."

Longino akakunja mikono. "Kitabu gani, mama? Si uliapa hapa hapa, rozari mkononi?"

Nikatazama watu. Mkwe wangu kainama. Mzee Bonifasi kashuka dunguni kasimama kwenye kona ya nyumba na kofia yake. Hapo nikaona nilipojifikisha mwenyewe: ama mimi ni bibi mwongo anayeapa kwa rozari na kuficha kitabu chini ya mihogo, ama Masanja ana mke. Moja lazima liwe kweli mbele ya hawa watu. Na mimi, niwaambieni tu, kwa nukta moja nilifikiri kunyamaza. Ni jina langu, nimelibeba miaka sabini na kitu, na wachumba wako wengi.

Ila nikaona mlangoni. Yusta alikuwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni, kavaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku ile, na alikuwa anavua hereni. Hakuwa analia. Alivua ya kulia, akaiweka mapajani, akaanza ya kushoto, polepole, kama mtu anayevua viatu baada ya safari.

Nikasema kwa sauti ileile ya dunguni, bonde lote lisikie, kwamba niliapa uongo, kwamba kitabu nilikuwa nacho toka siku ya pili baada ya kuapa, kwamba nimekificha chini ya mihogo kila siku, na hakuna mwenye mke wala mimba isipokuwa watu wa kitabuni.

Longino akasema, "Unamtetea. Siku zote unamtetea."

"Basi kitabu kiko wapi?" akauliza mshenga kutoka ndani ya bajaji.

Kitabu kilikuwa kinakuja. Skola alikuwa amekiokota, anakuja nacho amekishika kwenye ncha moja kama panya aliyekufa, kinachuruzika tope. (Kwa hiyo tayari madungu matatu hayana mtu. Ndege nao walikuwa na siku yao.)

Mzee Luhende akarudi akakaa kwenye kiti chake. Akaweka bahasha gotini. "Tusomee, mayo," akaniambia, kwao ndiyo kusema mama. "Nataka kumsikia huyo mjomba wa kukodi."

Nikafuta miwani kwa upindo wa khanga, ikawa mbaya zaidi. Nikafungua kitabu. Kurasa zilikuwa zimegandana kama ugali wa jana, hazifunguki ila mahali pamoja, nami nilivyo na haraka ya kujitetea sikutazama ni wapi, nikaanza tu kwa sauti. Kumbe ni nyuma kidogo ya pale. Kumbe ni pale yule mwanaume wa suti na msichana wako chumbani na mvua inanyesha nje. Nikasoma kwamba alimkaribia. Nikasoma kwamba alimshika, na alimshika wapi. Nikasoma mpaka kwenye vifungo vya blauzi, na vilikuwa vifungo sita, mwandishi huyo hana haraka, anakuhesabia kimoja kimoja, na mimi niko mbele ya wakwe na mwanangu wa kumzaa na Mzee Bonifasi wa Jumuiya yetu ya kanisani. Kwenye kifungo cha tatu ulimi ukakataa.

Kuku akapita.

Mke wa Mzee Luhende alikuwa hajasema neno toka wafike, mwanamke mnene mtulivu, mikono kaiweka mapajani. Akasema, "Endelea, dada. Kwani hawa wote wameletwa na mafuriko?"

Skola ndiye aliyeanza kucheka. Nikaviruka vifungo vilivyobaki, nikabandua ukurasa kwa ukucha, nikafika kwa mlevi kunyolewa ndevu. Na hapo nikasoma vizuri, kwa sababu pale mwandishi anajua kazi yake, mlevi anauliza je nikiulizwa nina ng'ombe wangapi niseme wangapi, anaambiwa taja idadi yoyote, na akifika ukweni anaulizwa anataja idadi moja, akiulizwa tena baada ya chai anataja nyingine. Mzee Luhende alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Akanisimamisha. Akasema huyo ni mjinga, mtu wa ng'ombe kweli haulizwi idadi akajibu, anakohoa tu. Akasema huyo mwandishi hajakaa na Wasukuma. Nikamwambia na mwingine niliyemsoma hajakaa na mpunga. Tukatazamana, na kwa muda mfupi nikasahau kwamba nina tope.

Lakini Longino alikuwa bado amesimama. "Sawa," akasema, "mjomba ni wa kitabuni, na mke ni wa kitabuni. Na lile la tatu?" Wala hakulitaja, akatazama chini.

Yusta akatoka jikoni. Kwa desturi binti haji mpaka aitwe, aulizwe kama anawafahamu wageni, ajibu kwa aibu ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemwita. Akasimama katikati ya jamvi na hereni zake kwenye kiganja.

"Shikamooni," akasema. "Mimi sina mimba, Masanja hana mke, na bibi hana akili. Baba, fungua barua ya watu."

Mawili ya kwanza yalitupa furaha wote. La tatu nililikubali, wala sikukata rufaa.

Longino akamtazama binti yake muda, akatazama ile bahasha, halafu akanitazama mimi na tope langu. Nadhani alitaka kuendelea kukataa, lakini ni vigumu mtu kukataa kwa heshima wakati mama yake ana jani la mpunga kwenye nyusi. Akanyoosha mkono. Mzee Luhende akampa bahasha kwa mikono miwili, akamwambia, "Kaka, binti tumemwona na tumemsikia. Ila na huyu bibi tunamtaka, kama anaongezwa humo humo." Longino akacheka kupitia puani, ndivyo anavyocheka toka mtoto akishindwa, akapasua bahasha.

Mnadani hawakwenda tena. Walikula, na mimi nilioga, nikavaa kitenge, nikakaa kwenye jamvi kama bibi wa kitabuni.

Harusi ni baada ya mavuno. Mavuno yenyewe yatakuwa madogo kidogo kwa upande wangu, na wa Skola, na wa Mzee Bonifasi, kwa sababu kwelea walituona wote tukiondoka na wakaitana (na hao nadhani wana sheria kama yetu, hawahoji). Nimewapa wote wawili mchele wangu wa akiba na hawajaacha kunisema.

Lakini adhabu iliyo kubwa ni aliyonipa Yusta. Zile kurasa za mwisho zilikuwa uji, hazikusomeka hata nilipozianika. Sijui kama yule mwanaume aliumbuliwa. Sijui msichana alikwenda wapi na mimba yake. Mke wa Mzee Luhende kila tukikutana ananiuliza iliishaje. Yusta kitabu hicho alikisoma kabla yangu, anajua mwisho wote mpaka nukta, na hasemi. Nimemlea, nimempakata, nimemtafunia chakula hana meno, nikimuuliza anasahihisha madaftari yake tu, anasema, "Nenda kaangalie kwa macho yako mapya."

Mimi nimejiwekea nadhiri nyingine, safari hii bila rozari, maana rozari imechoka. Sisemi kwamba sitasoma dunguni, nikisema hivyo nitakuwa mwongo mara mbili. Nasema sitasoma kwa sauti. Najifunza kusoma kimya, na umri huu, na ni kazi kuliko kupalilia, mdomo naufunga, ulimi unacheza ndani kama kambale kwenye ndoo. Longino anajua. Amesema afadhali mpunga uliwe kuliko familia.

Jana nilikuwa na kitabu kipya, kina mwanamke mmoja anauza shamba la mama yake ili amfuate mpiga gitaa. Mpiga gitaa. Nimekaa kimya, nimeuma khanga, sijasema kitu, nimeufunga mdomo wangu kama lango la kanisa siku ya Jumatatu, ila mkono wenyewe ukavuta kamba na makopo yakalia yote.

"Bibi," Skola akaita, "kuna habari?"

Nikameza yote niliyokuwa nayo juu ya huyo mwanamke, na yalikuwa mengi.

"Ndege tu," nikasema.

Nikamsikia akigeuka, akampigia Mzee Bonifasi kwamba bibi anasema ndege tu, na kule mbali kabisa, nyuma ya nyumba, nikamwona mzee wa watu anasimama, anavua kofia.